Kazi ya kuumwa: mnaoishi na sukari, presha na mengineyo hapa Mwanza, siku zenu zinaendaje?

FundiMabatini

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, naishi Mabatini. Sukari niligundulika nayo 2016, presha ikafuata. Tangu 2022 natumia insulini. Humu nimekuwa msomaji tu, leo naandika kwa sababu ya neno moja nililoambiwa kliniki mwezi uliopita na limegoma kunitoka kichwani.

Daktari alifungua daftari langu, akaona asubuhi ile sukari yangu imesoma 13.4, ipo juu, akasema bila kuinua macho: "Mama, wewe hujitunzi." Akaniongezea uniti za insulini, akaita anayefuata.

Namba ilikuwa ya kweli, sibishi. Kilichoniuma ni hilo neno. Nilipofika nyumbani nikachukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaanza kuandika kila ninachofanya kwa siku moja kwa ajili ya haya magonjwa mawili. Mapishi ya watoto na kazi ya ufundi sikuviandika. Ukurasa ulijaa kabla sijafika jioni.

Naamka saa 11 alfajiri. Natoboa kidole. Natoboa ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha, maana ncha ndizo ninazoshikia kitambaa, na zikiwa na vidonda siwezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, nazihesabu kama mtu anavyohesabu nauli. Boksi la 50 likiisha kabla ya Januari, msimu wa sare za shule, basi napima siku moja naruka mbili, na hizo mbili nakisia. Kukisia kwangu ni huo huo uzi. Sukari ikipanda sana macho yanaingia ukungu na tundu la sindano linakuwa mawili. Si kipimo cha kutegemea, nalijua hilo, lakini kuna asubuhi sina kingine.

Saa 12 nachoma. Insulini yangu ni ile ya mchanganyiko, inatakiwa kuzungushwa taratibu katikati ya viganja mpaka iwe nyeupe yote sawasawa, si kutikiswa. Nachoma tumboni, kesho pajani, keshokutwa upande mwingine, maana ukirudia sehemu moja ngozi inajenga uvimbe na dawa haiingii vizuri. Halafu nasubiri nusu saa ndiyo nile. Hiyo nusu saa ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Mteja akija ana msiba anataka gauni jeusi leo leo, ukimkatalia anakwenda kwa fundi wa jirani. Ukimpokea, nusu saa inakuwa saa nzima, na dawa imeshaingia mwilini haina chakula cha kufanyia kazi.

Kula nako ni kazi. Sisi tunakula sinia moja. Kwenye sinia la ugali wa muhogo utajuaje umekula kiasi gani? Nilipoomba sahani yangu peke yangu, mama mkwe alinyamaza chakula chote kile. Baadaye akamwambia mume wangu kwamba nimeanza kuwabagua. Ilinichukua miezi kumwelewesha, na mpaka leo kwenye misiba na harusi sielewi nikatae vipi chakula cha mtu bila kumdhalilisha.

Miguu. Nyumba yangu ipo juu kwenye mawe, bodaboda haifiki, unapanda kwa miguu. Mwaka jana jioni moja navua ndala nikaona damu imegandia kisiginoni. Kipande cha sindano ya cherehani kilikuwa kimezama humo, sijui tangu saa ngapi, sikusikia chochote. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Nilikuwa nimekanyaga siku nzima nikiwa na chuma ndani ya nyama. Kilitolewa na kidonda kikapona baada ya wiki saba. Siku hizi navaa viatu vya kufunika, kila jioni napitisha sumaku sakafuni kuokota sindano na pini, na usiku binti yangu ananimulika nyayo kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Ana miaka kumi na moja. Anaona aibu kuwaambia wenzake kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya usiku.

Sasa nirudi kwenye ile 13.4.

Mimi sina friji. Insulini nilikuwa naiweka kwenye friji ya duka la vinywaji chini ya mlima, mwenye duka ni mtu mwema, hajawahi kunitoza hata shilingi. Siku ile ya kliniki nilipewa chupa mpya, nikaanza kuchoma zile uniti alizoniongezea. Siku ya pili, saa 5 asubuhi, nipo mezani nakata kitenge cha mteja, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji. Nilichokumbuka ni kwamba nikiacha kukata nitaharibu, kwa hiyo nikaendelea kukata. Nilikata kitenge kizima mshazari. Mwanafunzi wangu ndiye aliyenikamata mkono, akanikorogea sukari kwenye kikombe. Tulipopima baadaye, baada ya ile sukari kuingia, bado ilikuwa 3.1.

Nikampigia nesi mmoja wa kliniki, mtu mzima. Hakuuliza nimekula nini. Aliuliza: "Ile chupa ya zamani ulikuwa unaihifadhi wapi?" Nikashuka dukani. Kijana wa pale akaniambia kwamba kila akipanga soda chupa yangu anaisogeza nyuma juu, chini ya kisanduku cha barafu, isivunjike. Ilikuwa inaganda. Insulini ikishaganda imekufa hata ikiyeyuka. Nilipoangalia mabaki niliona vipande vipande vimeshikamana na kioo. Kwa wiki tatu nilikuwa najichoma dawa mfu asubuhi na jioni, natoboa vidole, najinyima ugali, na sukari inapanda. Kisha nikaongezewa dozi kwa hesabu ya dawa mfu, na dawa nzima ilipokuja ikataka kuniangusha.

Kitenge nililipa mimi.

Swali langu kwenu: kazi hii nani anaihesabu? Kila kliniki inaongeza jambo moja dogo. Pima mara mbili. Tembea nusu saa. Punguza chumvi. Njoo na presha Alhamisi, sukari ni Jumanne. Hakuna hata siku moja niliyoulizwa yale ya zamani nayabebaje. Nawaomba mniandikie zenu, za kweli.

---

NgwanaIgoma

Pole sana dada. Hii imenikuta pabaya. Mama yangu yuko Magu, ana sukari mwaka wa sita, na sisi watoto wote tukipiga simu neno la kwanza ni "mama umekula nini leo?" Kama polisi. Siku hizi amekuwa anasema "nimekula mboga" kila siku. Nilikuwa naona anatudanganya, sasa naona tumemchosha.

Hapo kwenye friji, baada ya tukio unahifadhi wapi?

---

FundiMabatini

Mdogo wangu, nilinunua vyungu viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Kidogo kinakaa ndani ya kikubwa, katikati najaza mchanga, mchanga naulowesha asubuhi na jioni, juu nafunika na kitambaa kibichi. Chupa inakaa ndani kwenye kikopo kikavu. Vyungu vipo kivulini chini ya dirisha linalopitisha upepo wa ziwani. Hapoi kama friji, lakini inayotumika niliambiwa inakaa nje wiki nne ilimradi isipate joto kali. Zile ambazo hazijafunguliwa zinabaki kliniki, nachukua moja moja.

Na mama usimuulize amekula nini. Muulize leo nini kimemchosha.

---

MzeeWaButimba

Mimi nina presha miaka 12. Nasema hili kwa nia njema kabisa: tatizo letu wagonjwa ni nidhamu. Dawa zipo, vidonge viwili asubuhi, unameza unaendelea na maisha. Watu wanajikuza matatizo kisha wanalaumu madaktari. Daktari ana foleni ya watu mia, muda wa kukuuliza friji yako anautoa wapi?

---

Majani_Tiba

Dada achana na sindano hizo. Kuna mchanganyiko wa majani ya mwarobaini na mbegu za parachichi, siku 21 sukari inaisha kabisa. Nitumie ujumbe.

---

FundiMabatini

Ndugu, mwaka 2019 nilifuata ushauri kama huu, nikaacha vidonge. Nilifikishwa hospitali sukari ikiwa 24, nikalazwa siku tatu. Sitakutumia ujumbe, na naomba wengine wanaosoma wasikutumie.

Mzee wangu wa Butimba, shikamoo. Nidhamu ninayo, ndiyo maana nimeiandika yote pale juu. Friji ya jirani haiongozwi na nidhamu yangu.

---

NesiZamuMbili

Nimefanya kazi kliniki za magonjwa sugu Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi. Mama Fundi, nimesoma uzi wako mara mbili na nimeona aibu kwa niaba yetu wahudumu.

Unalolisema limeandikwa na wataalamu, si manung'uniko. Mwaka 1985 watafiti wawili Marekani, Juliet Corbin na Anselm Strauss, walichunguza watu wanaougulia nyumbani wakasema mgonjwa wa muda mrefu ana kazi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe: dawa, vipimo, kliniki. Ya pili ni maisha ya kawaida, kupika na kutafuta riziki. Ya tatu ndiyo tunayoisahau, ni ile ya kujipanga upya, kwamba mimi sasa ni nani. Ile sahani yako peke yako mbele ya mama mkwe ni hiyo ya tatu. Halafu 2009 Carl May, Victor Montori na Frances Mair wakaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba tiba yenyewe imekuwa mzigo juu ya mzigo wa ugonjwa, na kwamba tabibu kabla ya kuongeza dawa aangalie mgonjwa ana nguvu kiasi gani za kuibeba. Walitaka tiba isiyovuruga maisha ya mtu.

Sasa ya hapa kwetu. Mzee wa Butimba anasema kweli kuhusu foleni. Kuna asubuhi mtu mmoja anapimwa presha na mwingine tayari ameshika kiti. Lakini hiyo hiyo foleni inaharibu vipimo. Mtu amepanda kilima kwa miguu, ana mkojo tumboni, anajibu salamu huku mkono unafungwa, presha inasoma juu, anaongezewa dawa. Inatakiwa akae kimya dakika tano, mkono uegemee usawa wa moyo. Dakika tano tunaona ni nyingi, wakati ile dawa ya nyongeza ataimeza miaka.

Kwa wanaotumia insulini ya mchanganyiko: mkiizungusha ikabaki na mabonge, au ikashika kioo kama ukungu wa barafu, msichome. Iliyoganda itupeni hata kama inaumiza roho. Na sukari ikiwa chini ya 4, sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula chakula. Usisubiri kumaliza unachofanya.

Na wewe mama, kliniki mbili kwa wiki moja si sheria. Omba ziunganishwe. Wengi hawaombi kwa kuogopa kuonekana wasumbufu.

---

KambiYaDagaa

Mwangaluka, habari zenu.

Mimi ni mvuvi, kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Ninatumia dawa za kufubaza virusi tangu 2014. Sijawahi kuliandika mahali.

Watu husema kidonge kimoja kwa siku ni rahisi. Sisi wa dagaa tunafanya kazi usiku, wakati wa giza. Ile dawa ya zamani yenye efavirenzi ilikuwa inaleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, kwa hiyo walituambia tunywe wakati wa kulala. Kulala kwangu ni saa 2 asubuhi baada ya kuanika dagaa. Ukinywa jioni kama wengine unasimama kwenye mtumbwi, taa zimewashwa, maji meusi kila upande, na dunia inazunguka. Mwezi wa kwanza nilikaribia kutumbukia. Nilibadilisha muda mwenyewe, kliniki nikaogopa kusema, nikawa najibu "jioni saa 3" kila nikiulizwa. Miaka mitano nimejibu hivyo. Hii mpya niliyobadilishiwa 2020 haina hayo, nashukuru Mungu.

Kazi nyingine ni sauti. Kambini tunalala sita chumba kimoja. Kopo la dawa likitikisika kila mtu anajua ni kopo gani. Najaza pamba juu ya vidonge ndipo nafunga. Nikifungua natoa pamba kwanza taratibu, natoa kidonge, narudisha pamba. Hili nalifanya kila siku ya Mungu.

Kuchukua dawa nasubiri mbalamwezi, maana dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mkubwa na kambi inapumzika. Zamani ilikuwa kila mwezi, na tarehe ya kadi haijui habari za mwezi wa angani. Ikiangukia kwenye giza, ama nikose usiku wa kazi, ama nikose dawa. Sasa wananipa za miezi sita. Aliyebuni hilo la miezi sita, popote alipo, amenipa mashua ya pili.

---

FundiMabatini

Kaka yangu, wabeja, asante sana. Nimesoma nikalia. Miaka mitano ya kujibu "jioni saa 3". Na ulikuwa unakunywa vizuri kuliko walivyokuagiza.

---

MamaWaMmoja_Nyakato

Nami niongeze, japo mgonjwa si mimi, ni mwanangu wa kiume, miaka saba, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Asidi ya foliki kila siku, haidroksiyurea kila siku, damu kuangaliwa kliniki. Hayo nimeyazoea.

Usiyoyaona ni haya. Kila asubuhi kabla hajavaa sare nambonyeza ubavu wa kushoto chini ya mbavu, kuangalia bandama haijavimba. Namvuta kope la chini kuona weupe. Mkono wangu umeshajua tumbo lake kuliko kitu kingine duniani. Namwekea chupa mbili za maji, na nilienda shule mara nne kumwomba mwalimu amruhusu kunywa darasani na kutoka kwenda haja ndogo bila kuadhibiwa, maana maji mengi ndiyo yanayomsaidia damu isikwame kwenye mishipa. Mara ya nne nilikwenda na barua ya kliniki.

Wenzake wanakwenda kuogelea ziwani Jumamosi. Baridi ya maji inamletea maumivu. Jumamosi hizo namtafutia safari, namchukua kwa shangazi yake, ili isiwe kwamba yeye ndiye aliyekatazwa. Hilo nalo ni dawa, na hakuna aliyeniandikia.

---

NgwanaIgoma

Nimempigia mama. Nilimuuliza kilichomchosha leo. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema stripu zimeisha tangu mwezi uliopita na hakutaka kutusumbua.

Nazituma kesho na basi la asubuhi.

---

MzeeWaButimba

Nimerudi hapa baada ya siku tatu. Niliandika vile nikiamini.

Jana nilimsomea mke wangu uzi huu. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza: "Vidonge vyako vinakaa wapi?" Sikujua. Miaka 12. Yeye ndiye anayeviweka pembeni ya kikombe cha chai. Yeye ndiye anayekwenda kuvinunua, yeye ndiye aliyeacha kutia chumvi kwenye dagaa na mimi nikadhani ni mapishi yamebadilika. Mwaka juzi alikwenda msibani Sengerema wiki mbili. Nilipofikiri vizuri nikakumbuka katika wiki zile mbili nilimeza dawa kama siku nne hivi.

Mama Fundi, nilikuita mtu asiye na nidhamu na mimi nidhamu yangu inapikwa na mtu mwingine. Naomba radhi.

---

FundiMabatini

Mzee wangu, radhi yako nimeipokea kwa mikono miwili, na umsalimie sana mama.

Wakuu, leo nilikuwa kliniki. Niliondoka nyumbani saa 11, nikapata namba ya 34. Nilibeba lile daftari la vipimo vya wateja. Nilipoitwa, kabla daktari hajafungua faili nikamwambia, "Naomba dakika mbili nikueleze siku yangu, ndipo uangalie namba." Ni yule yule. Nilimsomea ukurasa. Nilipofika kwenye kisanduku cha barafu aliinua macho.

Aliniuliza chupa ilikaa huko muda gani, akarudi nyuma kwenye faili akaangalia tarehe, akaandika kitu. Kisha akasema, "Mama, samahani." Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikabaki nakunja kona ya daftari.

Uniti zimerudi zilipokuwa, 18 asubuhi na 10 jioni. Presha na sukari vyote vitakuwa Jumanne. Ile dawa ya presha niliyokuwa nameza mara mbili amenibadilishia ya mara moja, ya usiku, wakati binti ananimulika miguu, ili nisiisahau. Asubuhi ya leo nimesoma 7.9.

Mama wa Nyakato, nitumie vipimo vya mwanao: mabega, urefu wa mkono, kifua. Nina kitambaa kizito cha bluu kimebaki kwenye sare za mwaka huu. Namshonea sweta la shule lenye mfuko mpana ubavuni, chupa ya maji ikae humo.